Kifundo cha Nne

Mwanangu Rehema, mke mwenzangu,

Salamu sikupi. Uko hapo uani unapigana na zipu ya begi, nakusikia unavyolinong'oneza matusi, na mtu hamsalimu aliye hatua kumi kutoka kwake. Nimekuambia naingia jikoni kukuna nazi. Ni kweli nimekaa juu ya mbuzi, lakini nazi bado nzima, na magotini nina daftari lako la zamani lenye kurasa ulizoziacha. Alasiri nimeshaswali. Nikijitahidi nitamaliza kabla hujaja kuuliza mbona moshi hautoki.

Barua hii nitakupa kesho tukishavuka kivuko cha Pangani. Garini wewe utakaa kiti cha mbele, mimi nitakaa nyuma yako. Usigeuke kuniangalia mpaka umalize. Ningeweza kukuambia kwa mdomo, lakini mdomo wangu unaujua: kusema watu unaweza, kukiri hauwezi. Mkono una haya kidogo.

Na usinicheke mwandiko. Aliyenifundisha ni wewe. Mimi shule sikukanyaga. Baba yangu alisema binti akijua kuandika atawaandikia wanaume. Nimengoja hadi nywele zikawa nyeupe ndipo nikajua kuandika, na wa kwanza kumwandikia ni wewe, basi roho yake itulie huko aliko. Ulikuwa darasa la pili, jino la mbele limetoka, ukachukua mkaa ukaandika kwenye mgongo wa sufuria yangu. Nikikosea ulinichapa vidole kwa ufito. "Bibi! Tumbo la b linatazama mbele! Wewe kila siku unaligeuza!" Nami nikawa naomba radhi kwa mtoto ninayemwogesha.

Mambo ya kula vizuri, kulala mapema na kujihadhari na watu sikuandikii. Miaka yote hii nimeyasema, kama hayakuingia, karatasi haitayaingiza. Sweta umenunua baya, nalo limeshaingia begini, yameisha.

Ninachotaka kukuandikia ni uongo wangu. Uongo mkubwa nimekuambia mara mbili katika maisha yako. Mara ya kwanza kuhusu bibi yako mzaa baba. Mara ya pili kuhusu kidole chako.

Mwaka jana, siku ya Idi, tulikuwa tunapakua pilau, ukaniuliza, "Bibi, hivi mama yake baba yuko hai?" Nikasema yuko hai. Ukasema, "Mbona hajawahi kukanyaga hapa?" Nikachota wali, nikaumimina, nikauchota tena. Kisha nikakujibu kwamba Somoe ni mwanamke mwenye moyo mkavu, alihamia mjini akakutupa. Ukasema, "Basi na mimi simtaki." Ukaendelea kula. Mimi ile pilau sikuimaliza, ukadhani nyama ilikuwa ngumu.

Nilidhani nitakufa na neno hilo. Na ningekufa nalo, kama si wewe mwenyewe na vidole vyako.

Unakumbuka mwezi uliopita, tumekaa kibarazani, mimi nasokota kamba ya usumba wa nazi, nikakuuliza huko Afrika Kusini unakwenda kusoma nini hasa, maana majirani wananiuliza na mimi nawajibu "mambo ya damu" kama mtu aliyeachiwa ujumbe nusu. Ukaichukua kamba mikononi mwangu. Ukasema, "Bibi, ni hii hii."

Ukanionyesha. Nyuzi mbili zimesokotwa, na ukizitazama pembeni, katikati ya msokoto kuna bonde linalozunguka pamoja nazo. Ukasema ndani ya kila chembe ya mtu imo kamba ya namna hii, nyembamba kuliko chochote, imeandikwa herufi nne tu zinazorudiwarudiwa tangu mwanzo hadi mwisho, na humo ndimo lilimoandikwa umbo lako lote. Wewe unaiita DNA. Nikakuuliza nani anaisoma huko gizani. Ukasema kuna vitu vidogo vya mwilini, protini, vingine vina vidole. Kidole kinaingia katika lile bonde pana la kamba, hakifumui nyuzi, kinapapasa kingo za herufi kwa nje. Kikikuta herufi kinazozijua, kinashika. Kisipozikuta, kinateleza mbele.

"Kama mimi na usumba," nikasema. "Sifumui kamba kujua palipolegea."

"Kama wewe hasa," ukasema. Ukanibusu kipaji. Nikakusukuma, una jasho.

Halafu ukasema kila kidole kimoja kina punje moja ya zinki. Mimi nikadhani ni kama subana, kile kikofia cha chuma anachovaa mshona kofia asichomwe na sindano. Ukacheka. "Hapana, bibi, zinki iko ndani. Haigusi kamba, haisomi herufi hata moja. Kazi yake ni kukishikilia kidole kisimame. Ukiiondoa, kidole kinalegea kama uzi uliolowa, hakisomi tena kitu." Ukasema ni zinki ile ile inayong'aa juu ya bati jipya, inayolizuia lisile kutu.

Hapo moyo wangu ulianza kwenda mbio, na wewe hukujua kwa nini. Nikakuuliza swali moja, nalikumbuka vizuri. "Kidole kimoja kinasoma herufi ngapi?"

"Kama tatu hivi."

"Tatu zinatosha kujua mahali?"

"Hazitoshi, bibi. Herufi tatu zile zile ziko kila mahali kwenye kamba, mahali pasipo idadi. Ndiyo maana vidole vinapangwa safu, vitatu, vinne, wakati mwingine zaidi. Kila kimoja kinasoma zake, mpaka safu yote iwe na uhakika."

"Na ikishika pasipo penyewe?"

"Inafunga mlango usiohusika. Inaharibu."

Na kabla sijapumua ukaendelea, maana wewe ukianza hujui kunyamaza, hilo umelitoa kwangu. Ukasema ile punje ya zinki nayo inashikwa na mikono minne: miwili ya aina moja na miwili ya aina nyingine. Ukikata mmoja tu kati ya ile minne, kidole hakisimami. Hapo nikainuka, nikasema naenda kutazama chungu. Rehema, hakukuwa na chungu. Nilisimama jikoni humu humu nikauegemea ukuta, nikalia kama mtoto aliyenyang'anywa kitumbua.

Sasa sikiliza.

Somoe alikuwa shoga yangu kabla hajawa mkwe mwenzangu. Tuliolewa Ushongo mwaka mmoja, tukazaa kwa kupokezana, na kazi yetu ilikuwa moja: makumbi. Wewe umenikuta nimeshazeeka, nanunua usumba uliokwisha pondwa. Zamani tulifukia wenyewe. Maji yakitoka unakwenda kule kwenye tope karibu na mikoko, unachimba shimo lako, unajaza makumbi ya nazi, unafunika kwa tope na mawe, unaiachia bahari. Miezi inapita. Ukifukua mapema yanatoka magumu, yanakuchana mikono. Ukichelewa yameoza. Ukifukua kwa wakati wake unayaponda kwa rungu yanaachia uzi laini, wa dhahabu.

Mashimo yalikuwa mengi, ya kila mwanamke wa kijiji, na tope lote sura moja. Kijiti ukichomeka juu, watoto watang'oa wakachezee au bahari itakichukua. Kwa hiyo kila mwanamke alikuwa na kamba yake ya vifundo. Ncha moja unaifunga kwenye jiwe la chini, nyingine unaifukia juu juu. Siku ya kufukua unaingiza mkono kwenye tope unapapasa: kifundo kinene, kifundo kirefu, kinene, kinene. Kila mtu na mpango wake. Vilikuwa sita. Ukivisoma vyote sita unajua hapa ni kwangu.

Sisi wawili, kwa ushoga wetu, tuliamua vifundo vitatu vya mwanzo vifanane. Kinene, kinene, kirefu. "Tuanze pamoja," alisema Somoe, "tuachane mbele." Changu cha nne kilikuwa kinene, chake kirefu. Wanawake wenzetu walituonya. "Nyie mtakuja kutoana macho." Tukawacheka, tukawaambia wana wivu.

Na usumba ukikaa muda ule majini hulainika, kifundo hulegea, unakuta kamba imenyooka haina neno. Aliyetupatia dawa ni baba yako. Juma alikuwa kijana, hajamwoa mama yako bado, lakini anatafuta sababu ya kuja uani kwangu. Akachukua bati la banda la kuku, akalikata vipande vyembamba, akavibana kimoja kimoja kwenye shingo za vifundo, vya mama yake na vyangu. Havikusema chochote vile vipande. Vilishikilia tu, kifundo kikabaki kifundo. Sasa unajua kwa nini moyo wangu ulikwenda mbio pale kibarazani.

Juma akamwoa Asha wangu, akazaliwa dada yako Zuhura, ukazaliwa wewe. Baba yako akafariki wewe bado unanyonya. Tulimlilia mimi na Somoe kwenye mkeka mmoja, nguo moja tumejifunika wote wawili. Nakuambia hili ujue kilichovunjika kilikuwa na ukubwa gani.

Wewe ukiwa na miaka mitatu, masika ile, bahari iliichapa pwani vibaya. Mchanga ulihama, mawe yaligeuka. Nikaenda kufukua shimo langu, Zuhura anaumwa nyumbani, nina haraka, mvua inanyesha mgongoni. Nikaingiza mkono kwenye tope. Kinene. Kinene. Kirefu. Nikasema ni hapa. Nikafukua, nikabeba, na kamba nikaikunja pamoja na makumbi.

Kesho yake Somoe akaja. Nilikuwa naponda na wanawake wanne watano wamekaa wanaponda yao.

"Mwanahamisi, umefukua shimo langu."

Alisema hivyo tu, Rehema. Wala hakupaza sauti. Angeweza kunivuta pembeni, kweli, lakini hakudhani kuna haja. Alikuwa anazungumza na mimi. Na mimi nilikuwa sijalala siku tatu, na wanawake wameinua vichwa.

Nikamwambia, "Shimo lako bahari imelichukua, sasa unatafuta la mwenzio?"

"Lete kamba tuisome."

"Kamba yangu naijua kama kidole changu."

"Basi ilete, Mwanahamisi. Vifundo vitatu kila mtu anaweza kuvijua. Tusome cha nne."

Ningeinuka nikaileta. Ilikuwa hapo ndani, hatua sita. Badala yake nikasema neno. Nikasema, "Mwizi huanza kwa kulia." Mmoja akacheka. Somoe akaniangalia muda mrefu, akageuka, akaenda.

Baada ya siku nne maji yalitoka mbali, nikapita kule kule, mguu ukakanyaga jiwe ninalolijua. Nikainama. Kinene, kinene, kirefu, kinene. Shimo langu, limefunikwa vizuri kama nilivyoliacha. Nikarudi nyumbani, nikaichukua ile kamba ya kwanza, nikaipapasa. Cha nne kilikuwa kirefu.

Nilikaa chini. Halafu, mwanangu, nikaificha. Kamba zote mbili nikazitia kwenye mtungi wa ufuta, juu yake nikatia ufuta.

Utaniuliza kwa nini sikwenda siku ile ile. Nimejiuliza mwenyewe miaka ishirini na tatu na jibu nililonalo ni dogo kama chawa: niliona aibu ya wale waliocheka. Kama ningekuwa peke yangu nilipolisema lile neno, ningekwenda. Nilingoja aibu ipungue, nayo ikawa inaongezeka. Wanawake walihamisha mashimo yao mbali na la Somoe. Akifika kwenye tope, wengine wanahesabu mawe yao kwa sauti. Mimi nikawa natazama kazi yangu.

Halafu Zuhura. Wewe unakumbuka macho yake tu, uliniambia, yalivyokuwa manjano. Selimundu. Ilikuwa ikimkamata mifupa analia hadi sauti inakwisha. Na mimi, kwa kuwa nilishaanza kumchafua Somoe, nikaona niendelee: nikasema ugonjwa ule umetoka upande wao. Ni wewe uliyenieleza, umeshakuwa mkubwa, kwamba mtoto hawi na selimundu mpaka apokee pande zote mbili. Nusu alipewa na kwao, nusu alipewa na kwetu. Siku ile nilikuwa nahesabu ni watu wangapi niliwaambia vingine.

Zuhura alifariki ana miaka sita. Ninajua kwamba ndiye unayemfuata huko uendako. Umenieleza kuna safu moja ya vidole hivyo vya zinki inayoshika mahali fulani kwenye kamba, ikaufunga mlango wa damu ya uchanga, ile mtoto anayokuja nayo kutoka tumboni, ambayo haimtesi mwenye selimundu. Na kwamba wenzako wameshaanza kuizuia safu ile isishike, mlango ukafunguka, mtu mzima akapata nafuu kwa damu ya utoto wake. Sielewi yote. Naelewa kwamba ungemfungulia Zuhura mlango kama ungeweza.

Mimi siku ya msiba wake mlango niliufunga. Somoe alikuja, amejifunga kaniki, akasimama kwenye lango la ua. Ni mjukuu wake yule. Wanawake wakanitazama mimi waone nitasema nini. Sikusema kitu, na kutosema kwangu kulikuwa jibu. Hakuna aliyempisha. Akakaa nje chini ya ukuta wa makuti, siku tatu. Tulipomaliza akaondoka. Mwezi haukuisha akahamia Nguvumali, mjini Tanga, kwa binti yake. Mama yako akaja kuolewa Muheza, wewe ukabaki kwangu, nami nikakulea kwa mapenzi yote niliyokuwa nayo, na mapenzi mengine yalikuwa ya kuiba. Yalikuwa ya Somoe.

Basi. Nimeandika. Ngoja nipulize moto, nakusikia unauliza.

*

Nimerudi. Umeingia, umenikuta na makaa usoni, umesema, "Bibi, unalia?" nikasema moshi. Huo si uongo wa tatu. Moshi kweli ulikuwepo.

Juzi nilikuambia naenda Pangani kwa daktari wa macho. Nilikwenda Nguvumali. Nilizitoa kamba kwenye mtungi, nikazifunga kwenye upindo wa kanga. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, na nilipofika mlangoni yote yalikuwa yamekwenda zake.

"Hodi."

"Nani?" Sauti ile ile. Nikashindwa kujibu. Ikasema tena kutoka ndani, "Anayebisha hodi na jina hana ni mgonjwa au ni mwizi."

"Ni mwizi," nikasema.

Kitanda kikalia. Kisha, "Karibu, Mwanahamisi."

Amekaa kwenye kitanda cha kamba. Macho yamekwisha, Rehema, yote mawili meupe. Sikujua. Nimekwenda na kamba za kumwonyesha mtu asiyeona, nikasimama kama mjinga. Halafu nikakumbuka kamba zile hazikufanywa kwa macho. Nikamwekea yake kiganjani.

Akaipapasa polepole. Kinene, kinene, kirefu. Kwenye cha nne akasimama. Nikadhani atanitupia usoni. Akaendelea, cha tano, cha sita, hadi mwisho wa uzi.

"Bati bado linashika," akasema.

"Linashika."

"Juma alikata bati zuri."

"Alikata."

Akakirudia cha nne kwa kidole, akasema, "Miaka ishirini na tatu, kutoka kifundo cha tatu mpaka cha nne. Na wewe ndiye uliyekuwa unaniita mzito."

Nilitaka kucheka nikashindwa. Akaendelea, kamba mkononi. "Nilikaa nje ya ua wako siku tatu. Hata maji."

"Najua, Somoe."

"Usiniambie unajua. Niambie kama uliona."

"Niliona," nikasema. "Nilikuwa nakuangalia kwenye tundu la makuti. Siku ya pili nilichota maji kwenye kata, nikafika hadi langoni, nikayarudisha."

Akatikisa kichwa. "Nilisikia nyayo zako," akasema. "Nilijua ni wewe. Nyayo zako huwa na ugomvi na ardhi." Na hapo ndipo tulipolia, kila mtu upande wake wa kitanda. Hakusema amenisamehe. Mimi sikuomba aseme. Mtu akikaa na jeraha miaka yote hiyo, humwendei asubuhi moja ukamtaka akupe na kovu.

Baadaye akauliza, "Mtoto anakwenda kusoma nini?"

Nikamweleza, vidole, zinki, kamba, herufi tatu tatu. Nilimweleza vizuri, ungejivunia. Nilipofika kwenye mikono minne, miwili ya aina moja na miwili ya aina nyingine, kama wazee wanne wa mtoto, wawili kila upande, nilisimama kidogo, akasema, "Nimesikia, endelea," kwa ukali, kwa hiyo nikajua amesikia.

Kisha akaunyoosha mkono wake wa kulia, akakunjua vidole vyote vitano hewani. Kile kidogo cha mwisho kimepinda, kimemwegemea mwenzake kama mtu anayetaka kunong'ona.

"Bado anacho?"

"Anacho," nikasema. "Kama hicho hicho."

"Na ulimwambiaje?"

Ikabidi niseme. "Nilimwambia alibanwa na mlango akiwa mchanga."

Somoe alicheka, mwanangu, alicheka mpaka binti yake akaja mbio na maji. "Mlango!" anasema. "Mwanahamisi wewe! Mlango!" Na mimi nikacheka, na yale maji tukayanywa wote wawili, kikombe kimoja.

Kwa hiyo hukubanwa na mlango, Rehema. Kidole hicho unachokificha kwenye picha ni cha Somoe, na cha mama yake kabla yake. Kimekuja kwako kwenye kamba ile ile unayokwenda kuisoma. Kila uliposhika kalamu nilikiona, na kila nilipokiona nilimwona, ndiyo maana wakati mwingine nilikufokea bila sababu. Nisamehe hayo ya kufokewa. Haya mengine usiyaharakishe, chukua muda wako, na ukiona huwezi, niambie huwezi.

Mawaidha sina. Huko maabara kwenu utakosea, kila mwenye mikono hukosea. Nilichoona mimi ni kwamba siku ya kwanza kosa lilikuwa hatua sita kutoka nilipokaa. Juzi nimelifuata kwa kivuko na gari.

Kamba zote mbili ziko mfuko wa pembeni wa begi lako, chini ya sweta. Somoe alizirudisha. "Mpe mtoto azisome mwenyewe," alisema. Zikague mpaka mwisho.

Kesho tukifika stendi ya Tanga, kabla ya basi lako la Dar, utamkuta mwanamke mwembamba amekaa kwenye benchi, kanga ya buluu, binti yake pembeni. Alisema atakuja, na kwamba haji kwa ajili yangu. Mimi nitashuka nyuma yako. Yeye atakuwa upande wake, mimi upande wangu, wewe katikati na hilo begi lako.

Usimwambie jina lako, na mimi sitasema kitu. Mpe mkono wa kulia, umwachie. Ataanzia gumba. Usiuvute, hata basi likipiga honi. Mwache afike cha mwisho.

Bibi yako,
Mwanahamisi